Kiazi Katika Glasi ya Kwanza

Mwalimu Audax aliingia na kreti la glasi kifuani, akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Shikamooni."

"Marahaba, mwalimu," darasa likajibu.

Ndivyo walivyosalimiana kila jioni, kwa sababu karibu wote waliokuwa wamekaa mbele yake wangeweza kuwa kaka zake wakubwa na mama zake wadogo. Mchana alifundisha sekondari. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, alifundisha watu wazima waliorudia kidato cha nne, katika chumba cha shule ya msingi walichoazimwa pale Kiwalani. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo watu walikaa upande, miguu ikiwa njiani, na kila aliyepita aliomba radhi kwa magoti ya wenzake.

Editha alikaa karibu na dirisha. Alikuwa mfanya usafi katika zahanati moja hapo hapo Kiwalani, mama wa binti mmoja aitwaye Lulu, mzaliwa wa huko Ndanda kusini. Alitaka kitu kimoja: afaulu Baiolojia ili aweze kuomba chuo cha uuguzi. Masomo mengine yote alikwisha kuyapata. Baiolojia ndiyo ilikuwa imemkatalia, na ilimkatalia kwenye sehemu ya vitendo. Maneno aliyajua. Mikono ndiyo ilikuwa haijui ifanye nini na maneno hayo.

"Nisikilizeni vizuri," alisema Mwalimu Audax akiweka kreti juu ya meza. "Shule itakayotupokea kwa mtihani wa vitendo imenipa nafasi chache. Maabara yao ni ndogo. Majina natakiwa kutuma kesho jioni. Leo tunafanya jaribio moja, wawili wawili. Nitakaowaona wamepima vizuri na kuchora grafu inayoeleweka, nawaandika. Wengine tutaonana mwakani."

Mwakani ni neno jepesi mdomoni mwa kijana. Editha aliyekuwa amerudi darasani akiwa na miaka arobaini alilisikia likimshukia begani kama gunia.

"Na hizi glasi," mwalimu akaendelea, "ni za jirani yangu anayekodisha vyombo vya harusi. Kuna harusi Jumamosi. Zirudi zote kama zilivyo."

Glasi zilikuwa na ukingo wa dhahabu. Kila jozi ilipewa tano, na mwalimu akaeleza kazi yenyewe. Glasi ya kwanza ni maji matupu. Ya pili, maji yale yale na robo kijiko cha chumvi. Ya tatu, nusu kijiko. Ya nne, robo tatu. Ya tano, kijiko kizima. Vijiko vilikuwa vile vya kupimia vya waoka keki, vidogo, vimefungwa pamoja kwa pete. Kisha wangekata vipande vitano vya kiazi mviringo, vyembamba, kila kimoja milimita hamsini, wavitumbukize kimoja katika kila glasi na kuviacha kwa saa moja. Baada ya hapo wangevipima tena.

"Kiazi ni vijumba vingi vidogo vyenye kuta," alisema. "Maji yanapita ukutani. Nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji yanatoka, kiazi kinanywea. Nje kukiwa hakuna kitu, maji yanaingia, kiazi kinanenepa na kurefuka. Sasa msiniambie kinarefuka. Niambieni kinarefuka kiasi gani. Hilo ndilo linalotofautisha sayansi na umbea."

Darasa likacheka. Aliyecheka zaidi ni Hamida, jozi wa Editha, mwanamke wa Kilwa aliyekuwa akitembeza vitenge Kiwalani yote mchana na kuota kufundisha chekechea.

"Umbea nao una vipimo vyake, mwalimu," alisema Hamida. "Sie tunapima kwa majirani wangapi wamejua."

Hamida akaenda kuchukua kiazi na wembe mbele. Editha alibaki na glasi tano mezani. Alikuwa ameshamimina maji na kupima chumvi katika nne, kila kijiko akikisawazisha kwa mgongo wa kisu, kwa uangalifu kama anayegawa dawa. Jua lilikuwa limeteremka hadi usawa wa dirisha, likapita katika maji na kuweka duara tano za mwanga kwenye mbao za dawati. Duara zilitikisika, zikatulia. Editha aliziangalia akahisi moyo wake nao unatulia.

Hapo mkono wake ukaingia kwenye mkoba.

Mkobani alikuwa na kichupa cha chumvi ya baraka, chumvi ya mawe iliyobarikiwa na padri katika sala ya wanakarismatiki parokiani. Editha hakuanza kazi yoyote bila hiyo. Mama yake alimlea akiamini kwamba cha kwanza ni cha Mungu: muhindi wa kwanza shambani, kikombe cha kwanza cha uji, siku ya kwanza ya mwaka. Ndiyo maana ndoo ya kwanza ya kudekia zahanati ilipata chumvi ya baraka kila asubuhi, na sufuria la kwanza la maji nyumbani lilipata, na beseni la kwanza la nguo. Alikuwa haifikirii tena, kama mtu asivyofikiria anapofanya ishara ya msalaba.

Alichota kwa vidole vitatu akatia katika glasi ya kwanza, kwa jina la Baba. Akachota tena, na la Mwana. Akachota tena. Punje zilishuka polepole ndani ya mwanga, zikizunguka, zikazidi kuwa ndogo, zikawa hazipo.

"Bwana," alinong'ona, "kazi ya mikono yangu uithibitishe."

Hamida alirudi na kiazi. Walikata vipande, wakavipima kwa rula, milimita hamsini, hamsini, hamsini, wakavitumbukiza. Mwalimu akatazama saa yake ya mkononi, akasema, "Haya. Sasa tunasubiri."

Kusubiri kulikuwa kuzuri. Watu walizungumza kwa sauti ndogo, wengine wakaegemea ukuta na kufumba macho, maana wengi walikuwa wametoka kazini moja kwa moja. Ndege ilipita chini ikienda kutua uwanjani, maji katika glasi zote yakatetemeka kidogo, na kila mtu akanyamaza mpaka ilipokwisha kupita. Saa kumi na mbili kengele ya kanisa ikalia, Editha akasimama akasali Malaika wa Bwana. Baadaye adhana ya magharibi ikapanda kutoka upande wa pili. Hamida akajifunga mtandio vizuri, akachukua mkeka wake, akatoka barazani na wenzake.

"Niangalizie watoto wetu," alimwambia Editha akionyesha vipande vya kiazi. "Wasizame."

Editha akaviangalia. Mwanga sasa ulikuwa wa rangi ya chai. Kiazi katika glasi ya kwanza kililala kwenye kitako cha glasi, cheupe, kimya, kama mtu aliyelala ubavu. Kope za Editha zikawa nzito.

Akaota, au hakuota, alikuwa katikati. Alikuwa amelala majini, na maji hayakuwa ya glasi tena, yalikuwa ya kijito kule Ndanda ambako mama yake alikuwa akiloweka mihogo ili uchungu utoke. Mihogo ilikuwa imepangwa pembeni yake. Mwilini mwake mlikuwa na milango midogo isiyohesabika, na maji yaliingia kila mlango bila kubisha hodi. Mama yake alikuwa amechutama ukingoni, akibonyeza mihogo mmoja mmoja kwa kidole gumba kuona kama imelainika, na alipofika kwa Editha akambonyeza begani, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Huyu bado."

"Mama Lulu."

Kilikuwa kidole cha Hamida. Sala ilikuwa imekwisha, taa ilikuwa imewashwa, na mwalimu alikuwa anasema watoe vipande.

Walianza na glasi ya tano. Kiazi kilikuwa kimelegea, ukikishika ncha kinainama. Arobaini na sita. Hamida akaandika kwenye karatasi yake, Editha kwenye yake, kwa kuwa kila mmoja alitakiwa kukusanya karatasi yake. Glasi ya nne, arobaini na saba. Ya tatu, arobaini na tisa. Ya pili, hamsini na moja, na hiki kilikuwa kigumu, kimejaa.

"Mashallah," alisema Hamida. "Sasa mtoto wa kwanza, mwenye afya zake."

Editha alikitoa kiazi cha glasi ya kwanza, akakifuta kwa kitambaa, akakilaza juu ya rula.

Hamsini.

Akakigeuza. Hamsini. Hamida akamnyang'anya, akakinyoosha kwa vidole kama anayenyoosha kitenge, akakilaza tena. Hamsini.

Dawati la mbele yao mtu alikuwa anasema, "Tatu. Kimeongezeka tatu." Nyuma yao pia, "Hamsini na tatu, eeh, andika." Kutoka dirishani hadi ukutani ilikuwa tatu, mahali pamoja tatu na nusu.

"Kiazi chetu kinafunga," alisema Hamida. "Wenzake wamekula wameshiba, chenyewe kiko kwenye swaumu." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mezani kwa mwalimu. Akasogea karibu. "Sikiliza, mama Lulu. Andika hamsini na tatu."

"Lakini ni hamsini."

"Najua ni hamsini, nina macho. Kitabu kinasema kinarefuka, wenzetu wote wamepata kinarefuka. Labda hiki kiazi kibovu. Tukose nafasi kwa ajili ya kiazi kibovu?" Na akaandika kwenye karatasi yake, kwa penseli, 53.

Editha hakuandika. Aliacha kisanduku cha glasi ya kwanza wazi, akaanza kuchora grafu kwa zile nne. Alifanya hivyo kwa sababu mikono ilitaka kazi wakati moyo unaomba. Hakuomba maneno mengi. Alisema tu, nionyeshe, nionyeshe, huku akiweka nukta. Robo kijiko, hamsini na moja. Nusu, arobaini na tisa. Robo tatu, arobaini na saba. Kijiko kizima, arobaini na sita. Akaweka rula juu yake. Nukta tatu za kwanza zilikaa kwenye mstari mmoja, ya nne ikainuka kidogo tu.

Akauvuta mstari kurudi nyuma, kuelekea mahali pasipo na chumvi. Ulifika kwenye hamsini na tatu.

Kwa hiyo kiazi hakikuwa kibovu. Ndugu zake wanne, waliotoka kiazi kimoja, wote walikuwa wanasema kwamba kingewekwa kwenye maji matupu kingerefuka tatu. Aliangalia mstari. Akatafuta hamsini ilipo juu ya huo mstari, akateremsha kidole chake taratibu hadi chini. Kidole kilifika kati ya robo kijiko na nusu.

Kidole akakiacha pale. Ilikuwa kama vile mtu amemtaja jina kwa upole chumbani humu, na hakuna mwingine aliyesikia.

"Hamida," alisema mwishowe. "Yale maji hayakuwa matupu."

"Kivipi? Si umemimina mwenyewe?"

Editha akafungua mkoba akatoa kichupa. Hamida alisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akaisoma tena, kisha akamtazama mwenzake, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata akalazimika kuziba mdomo kwa mtandio. Alicheka machozi yakamtoka, akilala juu ya dawati.

"Mama Lulu. Umetia chumvi kwenye maji yasiyotakiwa chumvi, kwenye jaribio la chumvi."

"Sikuona kama ni chumvi. Niliona ni baraka."

"Kiazi hakijaenda mafundisho ya komunio, dada yangu. Kimeona chumvi." Hamida akajifuta macho. Polepole kicheko kilimwisha, na uso wake ukawa wa mtu mwenye wasiwasi. "Basi usiseme. Ukisema, mwalimu ataona tumeharibu na kwenye mtihani wenyewe tutaharibu tena. Andika tatu. Mstari si unasema tatu mwenyewe? Si uongo, ni pale tungepata."

"Tungepata," alisema Editha. "Hatukupata."

"Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

Hamida akavuta pumzi. "Na karatasi yangu? Glasi moja, wewe hamsini, mie hamsini na tatu. Mwalimu si mjinga. Utaniuza."

Hilo Editha hakuwa amelifikiria, na lilimwumiza. Alikuwa tayari kubeba aibu yake, lakini ya Hamida haikuwa yake kuigawa. Akasema kwa sauti ndogo, "Kosa ni langu. Nitamwambia mwalimu nilifanya wakati wewe haupo. Wewe andika unavyoona. Sitasema neno juu ya karatasi yako."

Hamida aligeuza penseli yake. "Mie nilikuwaga nadhani nyie watu wa rozari hamna vituko," alisema. Kisha akachukua kifutio. Alifuta ile tatu kwa hasira, kama inayomwasha, akaandika sifuri. "Haya. Twende tukachekwe wote."

Mwalimu Audax alipokea karatasi zao akiwa wima. Aliangalia jedwali, akakunja uso. "Glasi ya kwanza hamsini?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Editha. "Nilitia chumvi. Chumvi ya baraka. Ni desturi yangu, cha kwanza nakiombea. Hamida alikuwa amekuja huku kuchukua kiazi."

Aliyekuwa karibu alisikia, akamwambia wa pili, na kicheko kikatambaa darasani. Mtu akasema, "Kiazi kimeokoka." Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameona grafu.

"Hii nukta iliyo na duara ni nini?"

"Ni cha glasi ya kwanza. Nimekiweka pale mstari unapopita kwenye hamsini. Kwa hiyo nadhani nilitia zaidi ya robo kijiko, lakini sikufika nusu."

"Ulipima?"

"Hapana. Nilichota kwa vidole, mara tatu."

Mwalimu akaweka karatasi nyeupe mezani. "Chota tena. Kama ulivyochota."

Editha alichota mara tatu, midomo ikitamka bila sauti, na darasa likawa limekusanyika. Mwalimu akaizoa ile chumvi akaijaza kwenye kijiko cha robo. Kilijaa, na nyingine ikabaki kwenye karatasi. Akaimimina yote kwenye kijiko cha nusu. Hakikujaa.

Aliyesema kiazi kimeokoka akasogea kukitazama kijiko.

Mwalimu alikaa. "Glasi ya kwanza ndiyo msingi," alisema. "Ndiyo unayolinganisha nayo nyingine zote. Ukiiharibu kwenye mtihani, hakuna atakayekuuliza ulichota vidole vingapi. Watakukata alama, na watakuwa sawa." Akaikunja karatasi yenye chumvi. "Siwezi kuwaandika kwa jaribio lisilo na msingi. Itakuwa nimewaonea wenzenu. Ila majina natuma kesho saa moja. Njooni kesho mapema. Nne zenu nimezikubali. Nawadai moja. Glasi moja, maji matupu, kiazi kimoja, nikiwaona."

Nyumbani usiku huo Editha hakula vizuri. Lulu alipomwuliza, alisema amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa na swali ambalo lilimwogopesha kidogo, na alilipeleka mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu ukutani kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpelekea. Alikuwa ameomba kazi ithibitishwe, na kwa maombi yale yale akawa ameiharibu. Je, hakusikilizwa?

Alipiga magoti muda mrefu. Jibu halikuja kama sauti. Lilikuja kama maji yanavyoingia kwenye kiazi, bila kuonekana yanapitia wapi. Padri alikuwa amesali juu ya chumvi, nayo ikabaki chumvi. Ilifanya kwenye glasi kile chumvi inachofanya, kwa uaminifu, mbele ya mtu aliyeiombea na mbele ya mtu asiyeijua. Kama ingefanya vingine kwa kumpenda Editha, basi hakuna muuguzi ambaye angeweza kutundika dripu akajua anatundika nini. Aliona kwamba alikuwa ameomba apendelewe, na badala yake alionyeshwa. Hakuwa na hakika kama hilo ni faraja, lakini alilala.

Kesho yake alikuja na mikono mitupu. Kichupa alikiacha nyumbani, si kwa kukikataa. Darasa lilikuwa likiendelea na somo lingine mbele. Yeye na Hamida waliwekwa dawati la nyuma kabisa, na glasi moja yenye ukingo wa dhahabu. Mwalimu mwenyewe alimimina maji. Kiazi kilitoka sokoni asubuhi hiyo. Walikata kipande, wakapima hamsini, mwalimu akapima hamsini, wakakitumbukiza.

Hamida alikaa akimwelekea Editha badala ya ubao. "Nalinda mikono yako," alinong'ona. "Hata ukijikuna naandika."

Editha alitabasamu, akakunja mikono mapajani. Hakuwahi kuanza jambo kubwa hivi bila kuliwekea kitu. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilijikusanya vyenyewe, akavifungua. Baada ya muda vikajikusanya tena. Akavifungua tena.

Alitaka kuomba, akakuta kila ombi linaanza na neno fanya. Fanya kirefuke. Fanya niandikwe. Akayaacha moja moja. Mwishowe alibaki na sala isiyoomba kitu, akiangalia tu. Bwana, haya ni maji. Hiki ni kiazi. Mimi niko hapa. Mwanga wa jioni uliingia kwenye glasi, ukawa duara moja tu kwenye dawati, na ndani ya duara kivuli cha kiazi. Sauti ya mwalimu ilikuwa mbali, kama inatoka chumba cha jirani, ikisema juu ya damu na mishipa. Ndege ikapita. Duara ikatetemeka, ikatulia. Editha alihisi kwamba hajawahi kutazama kitu chochote vizuri namna hii, na kwamba kutazama kwenyewe kulikuwa na utamu aliouzoea, ule wa baada ya komunio watu wanaporudi vitini mwao na kanisa zima likanyamaza.

"Muda," alisema Mwalimu Audax.

Alikuja nyuma. Darasa likageuka. Editha alikitoa kiazi, kigumu, baridi, akakifuta, akakilaza kwenye rula. Aliinamisha kichwa hadi macho yakawa juu kabisa ya ncha.

Hamida aliinama naye. Editha alisikia pumzi yake ikikatika.

"Tatu," alinong'ona Hamida bila kufungua midomo. "Sema tatu. Jana wote tatu. Grafu yetu yenyewe tatu."

Ncha ya kiazi ilikuwa kwenye mstari mdogo, na mstari mdogo haukuwa wa tatu. Ungeweza kusogeza rula kwa upana wa uzi, na ungefika. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa dawati. Kutoka pale alipokuwa asingeweza kuona.

"Hamsini na mbili, mwalimu," alisema Editha.

Hamida alifumba macho.

Mwalimu alizunguka dawati, akachukua rula, akakigeuza kiazi, akapima. "Hamsini na mbili," alisema. "Mstari wenu wa jana ulisema tatu. Kwa nini mbili?"

Editha alifikiri. Alitamani awe na jibu la kitabuni. "Sijui, mwalimu. Kiazi ni kingine. Labda hiki kilikuwa na maji mengi tangu sokoni, kikawa na nafasi ndogo ya kuingiza mengine. Lakini hilo sijalipima, kwa hiyo sijui."

Mwalimu alikiweka kiazi chini. Alitazama karatasi ya jana, ile yenye nukta ya duara, kisha akatoa simu mfukoni.

"Majina matatu matatu," alisema. "Kama yalivyo kwenye vyeti. Mama Lulu, anza."

Editha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza toka utotoni jina lake lilichelewa kumjia. Hamida akamtaja, majina yake yote, polepole, mwalimu akiandika kwa kidole gumba. Kisha akataja ya kwake, akamrekebisha mwalimu herufi moja, akamwambia aisome tena ahakikishe, kwani mitihani imeshawahi kumpoteza mtu kwa herufi moja.

"Nimeshatuma," alisema mwalimu. "Ile glasi ioshwe kabla ya harusi. Haya, geukeni mbele, tuna nusu saa. Tulikuwa tumefika kwenye figo."

Alirudi ubaoni akachora figo mbili, kubwa, na mirija inayoteremka. Hamida alifungua daftari akanong'ona kwamba mchoro ule unafanana na korosho. Editha alichonga penseli yake. Nje giza lilikuwa linaingia taratibu kupitia nyavu za dirisha. Mwalimu alikuwa ameanza kueleza jinsi mwili unavyoamua ni chumvi kiasi gani ibaki na kiasi gani itoke, na Editha aliinua mkono kabla hajamaliza, akauliza kiasi hicho kinapimwaje.